Muhanga nimemwona Frankfurt

Frankfurt, Jumatatu usiku

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Najua hata ukiwa umenuna ungeniamkia kwanza, kwa hiyo nimeitikia kabisa. Sisi huku ni wazima, ila baridi inatuandama. Nikitoka nje na kuingia ndani nyuzi za gitaa zinabadilika, lazima nityuni upya kila mara, na mpiga tumba wetu analalamika kwamba ngozi za ngoma zake hazimsikii tena. Tumeshapiga maonyesho tisa, yamebaki matano. Watu wanajaa, na chemko likianza hata wazee wenye mvi wanaingia kati. Hayo nitakusimulia nikirudi.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu tukifika kwenye jambo lile tunapandishiana sauti. Usiku wa kuamkia safari uliniletea fomu za chuo cha wanyamapori cha Mweka nizisaini, nikazisukuma pembeni. Nikasema sikukusomesha sayansi mpaka kidato cha sita ili uende kufukuzana na tembo porini, na kwamba kazi yenyewe haina ajira. Ukaniuliza kwa upole, "Baba, na wewe babu alikwambia nini siku ulipomwambia unataka kupiga gitaa?" Sikukujibu. Niliendelea kukunja mashati ambayo nilikuwa nimeshayakunja. Leo nataka kukujibu, na uniwie radhi nikianzia mbali.

Leo hatukuwa na kazi. Onyesho la leo, katika mji mwingine, lilivunjwa na promota siku mbili kabla, malipo yetu yakaishia kwenye ahadi, na tukajikuta na siku nzima mkononi. Siku ya namna hii kwenye safari ya bendi ni ya kufua, kulala na kutafuta duka lenye unga wa sembe. Waimbaji walilala. Kijana wetu wa saksafoni ndiye aliyesema twendeni bustani ya wanyama. Mimi nilikataa. Nikasema, mtu atoke Tanzania, nchi ya Serengeti, aje alipe yuro kuona twiga? Lakini nikakumbuka fomu zako zilizobaki juu ya meza, nikachukua koti. Tukawa wanne: mimi, yeye, mpiga besi wetu wa Lubumbashi, na dereva wa gari letu, Mjerumani mtu mzima aliyezaliwa mji huu huu.

Tulipanda treni ya chini ya ardhi tukashuka kituo kinachoitwa Zoo. Kabla hatujakata tiketi macho yangu yakaangukia kibao cha mtaa: Bernhard-Grzimek-Allee. Nikasimama pale pale, wenzangu wakaendelea mbele.

Jina lile nililisoma mara ya kwanza nikiwa darasa la tano. Babu yako aliendesha lori la mfanyabiashara mmoja wa Karatu, akipeleka mahindi na sabuni mpaka Loliondo, na likizo zote alinichukua kama utingo wake. Ukishapita lango la Lodoare barabara inapanda ndani ya msitu, ukungu mtupu, injini inalia, hadi unatokea kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Pale kando ya njia kuna mnara wa mawe uliojengwa kama piramidi. Babu alikuwa akisimamisha lori injini ipoe, ananipa dumu nikamletee maji, halafu ananiambia, "Soma tena." Yeye Kiingereza hakukijua. Nami nikasoma kwa kuungaunga: Michael Grzimek, alizaliwa Aprili 1934, alikufa Januari 1959, alitoa kila alichokuwa nacho, na uhai wake pia, kwa ajili ya wanyamapori wa Afrika. Tulilitamka Girizimeki. Babu akahesabu miaka, akatikisa kichwa. "Ishirini na minne. Mtoto kabisa." Alisema yeye mwenyewe aliiona ndege yao alipokuwa kijana anachunga, imepakwa mistari ya pundamilia, ikapita chini mpaka ng'ombe wakatawanyika, na jioni akachapwa na baba yake kwa sababu ndama mmoja hakurudi.

Nilipopita pale tena, nikiwa nimeshakuwa mwanamuziki, mnara ulikuwa na majina mawili. Bernhard, baba yake Michael, alikuwa amezikwa kando ya mwanawe.

Basi dereva aliponiona nimegota mbele ya kibao akarudi kuniuliza kulikoni. Nikamweleza habari ya lori na ya mnara. Akafurahi kama mtu aliyekutana na jamaa. Akasema watoto wote wa rika lake walimjua huyo mzee kwa televisheni, alikuwa akiketi mezani na mnyama hai kando yake, duma au nyani, anaongea polepole na mnyama anachezea karatasi zake. Tukaingia ndani huku akisimulia, na mimi nikawa namtafsiria mpiga besi.

Bustani hii ilianza 1858, na hapa ilipo imekaa tangu 1874. Ni ndogo, hekta 11 tu, katikati ya majumba. Vita vilipofika, mabomu ya 1944 yaliiteketeza. Mwaka 1945 akaja Bernhard Grzimek, daktari wa mifugo, akakuta vifusi na wanyama wa kuhesabika. Wakubwa wa mji walikuwa na mengine ya kufikiria, watu hawana nyumba wala chakula, nani atajenga banda la kiboko? Yeye akaomba ruhusa kwa meya na kwa wanajeshi wa Marekani, na kufikia Julai mwaka huo huo akafungua milango. Wanyama walikuwa wachache mno kuvuta watu, kwa hiyo akaweka sherehe, waigizaji, na dansi.

Hapo nikamkatisha dereva. Dansi? Akasema ndiyo, dansi. Mpiga besi akaniomba nirudie, nikarudia. Fikiria, mwanangu. Mji umelala chini, watu wana njaa, wanapita juu ya matofali kwenda kucheza muziki, na kiingilio chao kinasaidia bustani ya wanyama isifungwe. Miaka yote nimekuwa nikiambiwa muziki wa dansi ni anasa ya watu wasio na kazi. Nilitamani kumjua mpiga gitaa wa usiku wa kwanza, alikuwa na nyuzi za aina gani, alizipata wapi.

Habari ya Serengeti unaijua kuliko mimi, ila leo nimeisikia kutoka upande wa pili. Baba na mwana walijifunza urubani, na Desemba 1957 wakairusha ndege yao ndogo kutoka Ujerumani mpaka Tanganyika. Walikuja kuhesabu wanyama kutoka angani, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya Serengeti nzima, maana serikali ya wakati ule ilikuwa inataka kubadilisha mipaka ya hifadhi na hakuna aliyejua nyumbu wanapita wapi. Walihesabu nyumbu wasiofika laki moja. Leo wamepita milioni. Nikamwambia dereva sababu yake, na akashangaa nimejuaje: sotoka. Ng'ombe walichanjwa, ugonjwa ukakatika, ndama wa nyumbu wakaacha kufa. Nimejua kwa sababu wewe ndiye uliyenieleza, unakumbuka, mwaka jana umeme umekatika tumekaa kibarazani. Nilikuwa nasikiliza kuliko ulivyodhani.

Kuna jambo dereva hakuligusa, nami nalitaja kwa sababu kama utakwenda Mweka utakutana nalo. Mwaka ule ule wa 1959 Wamasai waliokuwa wakiishi ndani ya Serengeti walihamishwa, na Ngorongoro ikatengwa iwe mahali ambapo watu na mifugo wangekaa pamoja na wanyama. Grzimek aliamini hifadhi isiwe na watu kabisa, hata wenyeji. Babu yako alibeba wazee wengi wa Kimasai kwenye lori lake na alizisikia habari za kuhama kutoka vinywani mwao. Hakuacha kuuheshimu mnara ule, lakini hakuacha pia kusema kwamba wale wazee walilia. Uyabebe yote mawili. Na siku utakapovaa sare, kaa kwanza na watu wa boma, ukunjue ramani baadaye.

Wanyama sasa. Tulianza na simba, maana kijana wa saksafoni alitaka picha naye kama mtu wa nyumbani kwao. Dume alikuwa amejilaza juu ya jiwe. Nikaona manyoya yake ya shingo ni machache, masikio yote mawili yako wazi, na chini ya tumbo kuna mkunjo wa ngozi unaoning'inia. Nikamwambia huyu si wetu. Kibao kikasema hivyo hivyo: simba wa Asia, ambao porini wamebaki Gir na maeneo ya jirani tu, huko Gujarat, India. Picha akapiga. Twiga tuliwapita haraka, sikupenda kuwaona nyuma ya kuta na moshi wa mji, na hilo nalisema wazi.

Kwa bonobo, wale jamaa wa sokwe, tulikaa. Unajua wanatoka Kongo peke yake, kusini ya ule mto mkubwa. Mpiga besi wetu amezaliwa Lubumbashi, akakulia huko, akapiga muziki Kinshasa kabla ya kuja Dar es Salaam, na alikuwa hajawahi kumwona bonobo hata mmoja. Mama bonobo alikaa karibu na kioo, mtoto amemlalia kifuani, anamchambua nywele za kichwani kwa vidole viwili, taratibu, unywele kwa unywele, kama mama yako alivyokuwa akikusuka Jumapili. Mpiga besi akavua kofia. Akasema kwa Kiswahili cha kwao, "Hii banyama ni ya kwetu, na njo mara ya kwanza nabaona." Baada ya hapo hakusema kitu kwa muda mrefu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Ndani ya bustani kuna nyumba iliyopewa jina la yule mzee, Grzimekhaus, na sehemu yake moja ni ya wanyama wa usiku. Humo wamegeuza saa. Usiku wanawasha taa kali, wanyama wanalala. Mchana wanazizima, wanabakiza mwanga kidogo kama wa mbalamwezi, na wanyama wanaamka wakijua jua limezama. Ukiingia unakuwa kipofu kabisa. Tulisimama tumeshikana mabega kama watoto, tukingoja macho yazoee. Na wewe unajua mimi husikia kabla sijaona. Nikasikia mkwaruzo kwa mbali, upande wa pili wa kioo. Kwaru, kwaru, kimya. Kwaru.

Kisha akatokea. Kwanza pua, ndefu, imekatika mwishoni kama ya nguruwe, inasoma sakafu. Halafu masikio, ya punda hasa, na kila moja linazunguka kivyake. Mgongo umepinda, ngozi ya rangi ya udongo mkavu, nywele chache, mkia mnene kama mchi. Kucha za miguu ya mbele ni majembe. Alikuja akifuata kioo hatua kwa hatua mpaka akafika usawa wa magoti yangu, akainua pua na kuigusa kioo, akaacha doa la unyevu la ukubwa wa shilingi, akaenda zake.

Muhanga. Mwanangu, nina zaidi ya miaka hamsini, nimezaliwa kwenye mashimo yake, na sikuwahi kumwona. Shambani kwetu mashimo yalikuwa kila mahali. Ng'ombe wetu alivunjika mguu katika shimo moja. Ngiri walilala humo, na nyoka pia, tukaonywa tusiingize mkono. Asubuhi unakuta kichuguu kimepasuliwa, udongo mbichi umetawanyika, na aliyefanya kazi hiyo ameshakwenda kulala. Babu alimwona mara moja maishani, kwenye taa za lori, akakatisha barabara.

Na sasa nikujibu ulichoniuliza. Siku nilipomwambia babu yako nataka kwenda Arusha kupiga gitaa, alikuwa chini ya lori anafungua boliti. Hakutoka. Alinijibu akiwa huko huko chini. Alisema, "Anayefanya kazi usiku na kulala mchana ni muhanga. Atachimba mashimo katika mashamba ya watu, na hakuna atakayemjua." Maneno yenyewe ni hayo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilipanda basi kesho yake na sikurudi nyumbani kwa miaka miwili.

Nimesimama mbele ya kioo kile mpaka wenzangu wakamaliza kuzunguka popo na kunirudia. Nilikuwa namtazama anavyofanya kazi. Hakuna jazba, hakuna haraka, pua chini, kila inchi ya ukuta anaijaribu. Nikakukumbuka wewe una miaka minne, saa tano asubuhi, unanong'ona mlangoni, "Mama, baba ameamka?" na mama yako anakwambia nyamaza, baba ametoka kazini alfajiri. Ulikuwa unakaa hapo kizingitini na kikombe cha uji mpaka uji unapoa. Nilikuwa nakuona kwa jicho moja, na mara nyingine nilijifanya bado nimelala kwa sababu nilipenda ukikaa pale.

Nikamfikiria pia yule baba. Alimchukua mwanawe kwenye kazi aliyoipenda, wakaruka pamoja, na tarehe 10 Januari 1959 kijana akiwa peke yake angani akagongana na tai, ndege ikaanguka. Baba yake alikuwa na haki ya kurudi Frankfurt na kulichukia jina la Serengeti. Akaendelea kurudi kwetu kwa karibu miaka thelathini, akiomba fedha kwa Wajerumani kupitia ile televisheni, na jumuiya yake hapa Frankfurt inafanya kazi na hifadhi zetu mpaka leo. Alikufa 1987 hapa hapa mjini, ameketi anatazama sarakasi, na majivu yake yakapelekwa Ngorongoro. Mimi nisingeweza. Nakwambia kweli, nikipata habari kama ile kutoka mahali fulani, mahali hapo sipakanyagi tena.

Na hapo ndipo nilipojikamata. Nilikwambia ajira. Ajira haikuwa sababu, maana mimi mwenyewe nimelea watoto wanne kwa nyuzi sita. Ninaogopa. Naogopa majangili wenye bunduki, naogopa zile ndege ndogo, naogopa nyati, naogopa simu ya saa tisa usiku. Nilificha hofu yangu chini ya neno la heshima, kama babu yako alivyoificha yake chini ya lori. Nadhani na yeye alikuwa anaogopa baa za Arusha, pombe, magonjwa, na barabara za usiku. Hakuwa na namna nyingine ya kulisema.

Miaka miwili baadaye alikuja. Tulikuwa tunapiga kwenye ukumbi mmoja Arusha, nikamwona karibu na mlango amevaa koti lake la safari, amesimama hivyo hivyo mpaka saa nane usiku. Asubuhi akanipa bahasha, akaondoka na lori. Ndani kulikuwa na seti ya nyuzi za gitaa. Hazikuwa za aina yangu, zilikuwa za nailoni, za gitaa la mbao, ambalo sikuwa nalo. Ninazo mpaka leo, ziko kwenye mfuko mdogo wa ndani wa kasha langu, ule ambao nilikuwa nawakatazeni kuugusa.

Fomu zipige picha zote, kurasa zote, unitumie leo hii. Hoteli hii ina printa, nitazisaini na kukurudishia, kisha mama yako azipeleke kabla dirisha halijafungwa. Ada ya kwanza nimeitenga, usiguse ile hela ya wadogo zako. Mweka ni mlimani, kuna baridi, kwa hiyo sweta nzito nakuja nayo kutoka huku.

Jioni, tukirudi hotelini, dereva alinipeleka duka la vifaa vilivyotumika. Nimekununulia darubini. Muuzaji aliniuliza ni ya kazi gani, nikamwambia ya kuhesabu nyumbu, akaniletea tatu, nikachagua ile ambayo niliweza kusoma nayo saa ya mnara wa kanisa upande wa pili wa mto. Juu yake imeandikwa 8x42. Sijui kama ndiyo aina mnayotumia. Nimeiviringisha kwenye fulana mbili na kuiweka ndani ya kasha la gitaa.

Msalimie mama yako na wadogo zako.

Baba yako